Kitambaa Kilikuwa cha Kijani

Lurujo, Koboko
Jumatatu asubuhi

Kaka yangu mpendwa Nasuru,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu Shakira na watoto, na kwamba lile goti ulilorudi nalo kutoka jeshini limeanza kukuheshimu. Huku tunapumua vizuri. Mvua imeshuka kwa adabu, mihogo imesimama, na mbuzi wako mweupe amezaa mapacha, ingawa mmoja ni mwizi wa nguo zilizoanikwa.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ninayo. Kwa simu ningecheka, ningekuuliza bei ya sukari huko Arua, kisha ningekata kabla ya kusema ninalotaka kusema. Kwa hiyo soma taratibu.

Habari kubwa ni kwamba dada yako sasa ni msanii, na si mimi niliyejiita hivyo. Mwaka jana Mama Keji, yule muuza samaki wakavu wa soko la Koboko, aliwakusanya wachuuzi na wakulima, watu wa msikiti na watu wa kanisa. Akawaambia kwamba kila siku watu wanadhulumiwa, wananung'unika jikoni, halafu basi. Akataka tuwe na mfuko wetu wenyewe wa kuwasaidia wanaojua kuimba, kuchora au kuigiza, wayaseme hayo mambo mbele ya watu. Hatukungoja mfadhili kutoka mbali. Mwenye hela alitoa hela, asiye nazo alileta maharage, au siku moja ya kumlimia msanii shamba lake.

Mimi niliomba nitarizi milaya kuhusu wajane wanaofukuzwa kwenye ardhi ya waume zao. Fundi baiskeli mmoja wa kamati aliuliza shuka la kitanda litasema nini. Mama Keji akamkatiza: "Wewe nyamaza. Milaya ya kwako iko na maua tu. Ya Zam itakuwa na watu." Kamati nzima ikacheka, nami nikapita.

Walininunulia nyuzi za kila rangi, na majirani wakapokezana kupalilia karanga zangu. Kwa miezi mitano nikatarizi mashuka sita. Moja linaonyesha mwanamke aliyejifunga kitambaa chekundu, anatoka uani na sufuria kichwani, na nyuma yake msichana anambebea mkeka.

Tulianza kuyatundika sokoni Koboko, kisha Inde, ambako mama mmoja alimburuta mumewe kwa shati ili atazame vizuri. Kisha tukafika Adumi, siku ya soko. Huko muuza muhogo mmoja aliacha biashara yake, akasimama mbele ya shuka lile la mkeka muda mrefu. Akagusa kichwa cha yule mwanamke kwa kidole, akasema bila kunitazama: "Hii kitambaa si nyekundu. Siku ile mimi nilifunga ya kijani."

Kaka, alikuwa Mama Kaltumu.

Sasa kaa chini. Baba alipofariki wewe ulikuwa jeshini. Nilikuandikia kwamba Mama Kaltumu, mke wake mdogo aliyetulea tangu mama yetu afe, ameondoka kwa hiari yake na kuolewa Kongo. Uliumia, ukasema jina lake lisitajwe tena mbele yako. Barua ile ilikuwa uongo. Baba Mkubwa ndiye aliyemfukuza, akisema mjane asiye na mtoto hana shamba. Yule msichana wa mkeka ni mimi. Baba Mkubwa aliniahidi lile shamba la Mama Kaltumu la karibu na mto nikikuandikia hivyo, nami nikaandika. Nilikuwa na miaka kumi na saba, lakini nilijua ninachofanya. Nimelilima miaka kumi na miwili, na muda wote huo Mama Kaltumu alikuwa kwa ndugu zake Adumi, si mbali na mlango wako.

Nilipiga magoti kati ya mafungu ya muhogo nikalia, mpaka wateja wakadhani nimefiwa. Akaniinua. Akasema: "Wewe uliniumiza, Zam. Siwezi kusema hukuniumiza. Lakini hii mkono ya kushona ni mimi nilifundisha, na leo imesema kweli."

Wiki mbili baadaye ukoo ulikaa. Mama Keji na kamati yake walikuja bila kualikwa, wakakaa mstari wa mbele. Nililirudisha shamba mbele ya wazee, ikaandikwa, kila mmoja akatia dole gumba. Baba Mkubwa alikataa kutia lake, na siku hizi anazunguka nyuma ya msikiti asikutane na mama. Mama mwenyewe anakaa kwangu mpaka nyumba yake ipate bati. Ameshapanda ufuta. Jana alinifokea kwamba mboga yangu ya sombe haina chumvi, nami sijawahi kufurahi hivyo kufokewa. Kuhusu wewe anauliza jambo moja tu: kama bado unalala mdomo wazi.

Jumamosi mashuka yanakuja Arua, na yeye anakuja nayo. Sikutaka uukute ukweli umetundikwa ukutani kabla sijakuambia. Ukikasirika una haki, ila unikasirikie mimi peke yangu. Nitakuja kukusikiliza, hata ukipiga kelele.

Wifi mpe salamu zangu nyingi, na majirani wanaonikumbuka. Watoto wasalimie mmoja mmoja, na uwaambie wana bibi.

Ni mimi dada yako,
Zam