Chai Isiyo na Mchaichai

Jumanne, Novemba

Halikuwa kosa la binti yangu Mwikali. Nilimuuliza tu mbona leo chai haina mchaichai.

"Baba, nimetia fungu zima. Watoto wanasema tunawalisha kama ng'ombe."

Nikajikokota hadi kando ya tangi, pale tulipoupanda na marehemu mke wangu. Nikakata jani, nikalisugua viganjani, nikanusa. Hakuna harufu.

Mke wangu alianza hivyohivyo. Alisema chai haina harufu, nikamcheka, nikamwongezea majani. Hakuumaliza mwezi ule.

Ninaogopa. Miaka yote nimewaambia wenzangu kanisani kwamba niko tayari wakati wowote. Siko tayari.

Mwikali alinikuta pale, akauliza kama ni mafua. Nikamwambia ndiyo.

Sina mafua.