Kipepeo wa Baba

Kaka yangu,

Salamu zako zimefika. Sisi tupo. Bomba la jikoni limetengenezwa, na yule paka wako mwizi amezaa kabatini.

Vitabu vya baba vya wadudu vyote vipo, hata kile kikubwa cha zamani cha vipepeo, chenye michoro iliyopakwa rangi kwa mkono. Usikitafutie tena mnunuzi. Baba bado ananawa na kukausha mikono kabla ya kukifungua, kama alivyotufundisha. Ila siku hizi anasema wadudu wanatoka kitabuni. Anawaona ukutani, anawaona kwenye shuka. Dawa ya daktari inamlaza tu. Na wewe uache kuniambia nimweleweshe! Nimejaribu, akasusa chakula.

Leo baada ya chai amenijia amebana vidole viwili, katikati hamna kitu. "Mwanangu, nishikie huyu nimtafutie ukurasa wake. Taratibu, usimvunje bawa."

Ningefanyaje? Nikakinga kiganja, nikafumba.

Uniwie radhi kwa mwandiko huu. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado nimeufumba, na baba bado anafunua kurasa.

Mdogo wako, huku nyumbani