Ramani Waliyomfutia Perpetua

Anyes, shika simu! Nimetoka mkutanoni kijijini Mwamapalala sasa hivi, nimejaa hasira.

Si unamjua Perpetua, yule mtaalamu wa maji hapa ofisini kwetu Bariadi? Misimu miwili ya mvua amepima unyevu wa udongo kwenye lile bonde la Mwamapalala. Udongo ukishashiba, maji yote ya mvua yanatiririka juu ya ardhi. Ramani yake ilisema wazi wodi mpya ya wazazi isijengwe pale.

Leo mkuu wa mradi kaitundika mbele ya wanakijiji. Eneo la mafuriko limefutwa. LIMEFUTWA, Anyes! Na jina la Perpetua wameliacha pale chini, kana kwamba ndiye kasema bonde ni salama.

Perpetua akasimama. "Hii siyo ramani yangu."

Mkuu akacheka. "Dada, kaa chini, tutaongea ofisini."

Eti kaa chini!

"Sikai! Mnataka kuwalaza wazazi na vichanga kwenye njia ya maji?"

Ndipo mama mmoja mkulima, Justina, akainuka. "Mwaka juzi mpunga wangu ulizolewa pale pale. Huyu binti alikuja kupima, tope magotini. Wewe ulikuja lini?"

Wanakijiji wakagoma kusaini muhtasari wa mkutano, wanataka wodi ijengwe mlimani.

Tumerudi tu ofisini, Perpetua kapewa barua ya kujieleza. Kajibu kwa mstari mmoja tu: "Bonde lile linajaa maji."

Na mimi nimesaini chini yake. Wanifukuze.