Kilio cha Mama Kinachezwa Goa

Jumatano, alasiri. Joto la Kisumu leo ni lile la kabla ya mvua, shati linaganda mgongoni, na mawingu yamejazana upande wa ziwa lakini hayaamui. Nimefunga studio mapema. Kwaya iliyokuwa ije kurekodi nimeiambia mashine imeharibika. Mashine ni nzima. Mimi ndiye mbovu.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Wasomaji wa blogu hii ni wachache na wengi hawanijui, na leo hilo ni afadhali.

Nianze na sehemu ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa habari njema. Kuna wimbo wangu mmoja, wa ala tupu, hauna mtu anayeimba, na umekuwa maarufu India. Vijana wanaocheza michezo ya simu, ile ya kupigana risasi, wanauweka kwenye video zao. Ulianza na kijana mmoja wa Pune anayerekodi jinsi anavyowaangusha wapinzani wake. Aliuokota mtandaoni, akaupanga kwa akili: kinanda kinapanda polepole wakati amejificha nyuma ya ukuta, kisha ngoma inaingia pale pale risasi inapompata mtu. Wenzake wakamwiga. Sasa ukifa kwenye mchezo huko kwao, wimbo wangu ndio unaokuzika.

Kutoka kwenye simu ukahamia kwenye sherehe zao za kurukaruka, zile za spika kubwa kuliko nyumba yetu, ufukweni Goa na kwenye maghala ya Bangalore. Nimeona video. Umati hauna mwisho, mikono juu, wanaingoja ile ngoma. Ikiingia wanaruka wote kwa pamoja mpaka picha inatetemeka. Kwenye maoni wanabishana nani aliutunga. Wengi wameamua ni Mrusi. Mmoja ameandika kwamba aliyetunga kitu kama hiki lazima hajawahi kuhuzunika maishani.

Ni kilio cha mama yangu.

Odhiambo alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba. Alifariki miaka ile ya corona, kifua kilimbana siku nne tu. Waliokuwa huku wanakumbuka mazishi ya wakati ule. Walikuja watu wenye nguo nyeupe mwili mzima kama wapulizia dawa, wakamzika kwetu Asembo Bay asubuhi, haraka, bila hata kumwingiza ndani ya nyumba ya mama yake. Hakuna kukesha. Hakuna kukimbiza ng'ombe kwenda kufukuza kifo. Hakuna muziki. Sisi Wajaluo tunampima mtu kwa waliokuja kumzika, na mdogo wangu alizikwa na watu wasiotimia timu moja ya mpira. Mama aliambiwa asimame mbali, kwenye ua wa miti.

Akasimama hapo, akaimba.

Kilio chetu hakiandikwi wala hakifanyiwi mazoezi. Kila marehemu ana cha kwake. Mwanamke anafungua kinywa na maneno yanamjia hapo hapo: jina la aliyekwenda, ni mtoto wa nani, alipenda nini, alimkosea nani na kwamba amesamehewa. Mama alimwita Odhiambo wuod nyar Sakwa, mwana wa binti wa Sakwa, maana mama katoka Sakwa. Alitaja baiskeli yake. Alitaja mbwa aliyemfuata shule mpaka mwalimu akachoka kumfukuza. Alitaja na mambo ambayo mimi dada mtu sikuwahi kuyajua. Aliimba muda mrefu, na wale wa nguo nyeupe wakaacha koleo wakamsikiliza. Mimi nilirekodi kwa simu, ili jamaa waliozuiwa kusafiri nao wasikie.

Baiskeli, mbwa na Sakwa. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Mengine yote yamenitoka.

Kazi yangu ni kurekodi kwaya. Makanisa yalipofungwa nilikaa studioni kwangu Kondele na kompyuta na mikono isiyo na shughuli. Siku moja nikaihamisha ile sauti ya mama kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta, nikaanza kuifuata kwa kinanda, noti moja baada ya nyingine, kila alipopanda na kila alipokatika pumzi. Nilifanya hivyo kwa mapenzi, Mungu anajua. Kisha nikakipa kinanda mwendo. Nikaweka ngoma. Kwa wiki kadhaa sauti yake ilikuwa bado ipo chini ya ngoma, unaisikia ukitega sikio. Halafu nikaiondoa.

Halafu nikaifuta kabisa.

Siku zote nimejiambia ni mazoea. Nikimaliza wimbo wa kwaya nafuta sauti ghafi ili nipate nafasi ya kwaya nyingine, kila fundi wa studio ndogo anafanya hivyo. Leo niseme kweli. Haikuwa mazoea. Niliifuta kwa sababu sikutaka kuisikia tena. Kila nilipofungua lile faili nilimsikia mama akimwita mtoto asiyeitika, na nikaona afadhali nibaki na muziki wake, huo haukuniita. Nilibonyeza nikahisi nafuu. Nililala vizuri siku ile, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nikaupandisha mtandaoni kwa jina la Namba Saba, kwa sababu ulikuwa wa saba kwenye folda. Ningeweza kuuita Odhiambo. Vidole vilikuwa vyangu.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ameshazaliwa, ameota meno, ananitafuna.

Mama anauza omena, dagaa wa ziwa letu, katika soko la Kibuye. Jumapili, siku ya soko kubwa, nilikwenda kumsaidia. Anayetazamana naye pale ni Wafula, mtu wa Bungoma mwenye maneno mengi na roho safi, anayeuza chaja na spika. Wateja wake wanataka kusikia spika inavyopiga kabla ya kununua, kwa hiyo kutwa nzima yeye ni muziki. Nilikuwa nimeinama nafungua gunia nikasikia kinanda changu kinaanza. Sikuinuka. Nilibaki nimeinama, naomba Mungu ngoma iingie haraka ifunike.

Mama alikuwa anapimia mteja. Gorogoro, kopo lake la kupimia, ikabaki hewani.

"Wafula, hiyo wimbo ni ya nani?"

"Ya Wahindi, Mama! Huko India hiyo kitu iko juu mbaya. Sikia hiyo bezi!"

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Mteja akaondoka bila omena yake.

"Mano wenda," akasema mama. Kisha akarudia kwa Kiswahili. "Hiyo ni wimbo yangu."

Wafula akacheka kwa heshima, akapunguza sauti. Alidhani mama wa watu amezidiwa na jua.

Nilimwambia mama pale pale, katikati ya magunia. Nilimweleza kinanda, ngoma, kijana wa Pune, watu wa Goa. Nilitegemea hasira. Kwa kweli niliitamani, nilitaka anipige na ile gorogoro mbele ya soko zima tumalize. Mama hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayepiga hesabu ya safari, kisha akauliza jambo moja tu.

"Basi ile sauti yangu bado unayo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Sijui kwa nini. Kichwa kilitangulia, mimi nikafuata. Uso wake ulikuwa umefunguka na sikuweza kuufunga.

Jumamosi hii tunamfanyia Odhiambo ukumbusho Asembo. Kaburi litawekwa saruji, ndugu wa Sondu na Sakwa na Mombasa watakuja wote, na hema limeshaagizwa. Ndiyo mazishi ambayo hakuyapata. Na mama anataka akilie kile kilio chake, chote, mbele ya watu. Jumatatu alinieleza tukiwa jikoni kwake. Alisema maneno ya siku ile hayakuwa ya kwake, yalikuja tu, na yakishakuja hayaji tena. Miaka yote hii ameshika vipande vipande. Na tangu Jumapili hata hivyo vipande vimekimbia.

"Nikifungua mdomo, hiyo ngoma ya Wafula inaingia," alisema. "Niletee ile sauti, nyathina, nijifunze maneno. Safari hii watu watakuwa wengi. Nitawaambia nini? Nitawapigia tu kinanda?"

Aliniita nyathina, mtoto wangu. Nikala chakula chake nikaondoka.

Jana nilimpelekea fundi kompyuta yangu. Ni kijana anayejua kufukua vitu vilivyofutwa, kuna mwalimu aliwahi kumrudishia picha zote za harusi. Alichimba toka asubuhi hadi saa tisa. Kisha akaondoa miwani, akaniambia pale ilipokuwa ile sauti nimeandika juu yake mara nyingi mno. "Kwaya zako zimekaa hapo juu, madam," akasema. Haleluya zote nilizorekodi miaka hii zimekalia kilio cha mama.

Leo asubuhi nikampigia shangazi wa Sondu. Yeye peke yake ndiye niliyewahi kumtumia ile rekodi. Alifurahi kunisikia, akaniuliza habari ya hema na ya mchele. Kisha nikamuuliza ile sauti.

"Ile simu si iliingia kwa mto? Mwaka ule wa mafuriko. Kwani wewe huna?"

Nikasema ninayo, nilitaka tu kulinganisha. Uongo wa pili. Unakuja rahisi kuliko wa kwanza.

Mchana nikaamua kwenda Kibuye nikaseme kweli. Nilitembea kutoka Kondele kwa miguu ili nichelewe. Nilimkuta mama anachagua vijiwe kwenye omena, peke yake, Wafula ameenda kula. Nikakaa kwenye kreti ya soda, nikamwambia yote. Kwamba niliifuta. Kwamba haikupotea yenyewe, niliifuta kwa mkono wangu. Kwamba nimetafuta kwa fundi na kwa shangazi na haipo. Kwamba kilichobaki duniani ni ile ngoma tu, ambayo haina jina la Odhiambo ndani yake hata mara moja.

Aliendelea kuchagua. Alitoa kijiwe, akakitupa, akatoa kingine. Nilijiambia, sasa analia. Hakulia.

"Na hao Wahindi?" akauliza.

"Wahindi gani, Mama?"

"Hao wanacheza. Si wao ndio walichukua wimbo? Labda sauti ilibaki kwao."

Nilijaribu kumweleza kwamba wimbo ulikuwa umeshaondolewa sauti kabla haujatoka Kondele, kwamba huwezi kumkuta mtu na kitu ambacho hakupewa. Maneno ya kompyuta kwa Kijaluo yananishinda hata siku njema. Mama aliinua mkono akaninyamazisha, taratibu, kama anayemfundisha mtoto jambo la wazi.

"Wewe hujui Wahindi. Wahindi ni watu wa kuweka vitu. Ule mzee Mhindi wa duka ya vyuma bado ana risiti ya mabati ya baba yako, na baba yako alikufa kabla uanze shule. Waulize. Waambie ni ya mama ya Odhiambo. Wataitafuta."

Ningesema hapana. Neno fupi, hata mtoto analiweza. Lakini alikuwa amerudi kuchagua omena, na mikono yake ilikuwa imepata nguvu, na alianza kunung'unika kitu chini ya pumzi, akijaribu, akikosea, akirudia.

Nikasema nitawauliza.

Kwa hiyo hivi sasa ninapoandika, ninayemdanganya si mtu ninayemwogopa, wala sidanganyi kwa faida. Namdanganya mama yangu kwa sababu nimemnyang'anya mtoto mara ya pili na sina ujasiri wa kukaa naye matangani. Nimejiita majina yote ninayoyajua na hakuna lililonitosha.

Na kwa sababu niliahidi, nimeuliza. Nilimwandikia yule kijana wa Pune, kwa Kiingereza changu cha kanisani. Nilimweleza mimi ndiye niliyetunga Namba Saba, si Mrusi. Nilimweleza Odhiambo. Niliandika jina lake kamili, na la mama, na Sakwa, nikamweleza na mbwa. Nikamuuliza kama kwa bahati yoyote, popote, amewahi kusikia sauti ya mwanamke ndani ya wimbo ule. Nilijua ni upuuzi. Niliutuma hata hivyo, na kwa dakika chache nilikaa nikitazama simu kana kwamba huenda mama yuko sahihi.

Amejibu haraka, mtoto wa watu. Ameweka vile vipicha vya moyo na moto na mikono iliyounganishwa. Amesema pole. Amesema ni heshima kubwa sana kwake kuongea na mimi, na marafiki zake hawataamini. Amesema hapana, hakuna sauti yoyote, na uzuri wa wimbo uko hapo hapo, kwamba haumwambii mtu chochote. Halafu ameuliza kama ninaweza kumtumia mwingine kama huo.

Mvua imeanza. Mama amepiga mara mbili, sasa anapiga ya tatu. Shangazi wa Sondu ameniandikia: mama ameshamwambia yeye, na Wafula, na majirani wa pale sokoni, kwamba sauti iko India na itafika kabla ya Jumamosi. Anataka kujua tu kama wamejibu.

Wamejibu, Mama. Nikipokea, nitasema nini?