Kimya cha Ubeti wa Pili

Jumapili, Biharamulo

Bado nina hasira. Albamu nzima ya kwaya yetu, nyimbo kumi, tuliiweka wenyewe mtandaoni bure. Ruhusa tumeiandika palepale: pakua, sikiliza, mpe na jirani. Nani amepakua?

Leo watoto wa shule ya Jumapili wameimba wimbo wangu kanisani. Nilifurahi mpaka walipomaliza ubeti wa pili. Hapo, nilipoutunga, niliacha kimya makusudi, mtu avute pumzi atafakari. Watoto wote wakapaza sauti, "Nyimbo zote kwa Fundi Beka, stendi!" Kisha wakaingia ubeti wa tatu, wametulia kabisa.

Beka ndiye anayewauzia watu nyimbo kwenye memori kadi. Amepachika sauti yake ya kujitangaza katikati ya wimbo wetu, wala hakutuomba.

Baada ya ibada nikamfuata mwalimu wao, mama Jeni.

"Shikamoo mama. Si nilikutumia linki ya albamu?"

"Marahaba. Niliiona, ila imeandikwa bure, nikajua ni matapeli. Hii nimenunua."

Amenunua. Wimbo wetu wa bure.

Tena akaniambia kwamba watoto wanapapenda pale penye sauti ya Beka kuliko wimbo wote. Mchungaji alikuwa pembeni akitikisa kichwa kukubali. Nilimwona.

Jioni nikiosha vyombo nikauimba mwenyewe, taratibu, kama nilivyoutunga. Mwisho wa ubeti wa pili nikanyamaza.

Kutoka sebuleni mume wangu, ambaye ndiye besi wa kwaya yetu, akaitikia: "Kwa Fundi Beka, stendi."