Leseni Isiyolipiwa Ushuru

Mama yangu mpenzi,

Kabla hata ya salamu nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Ami Seif ninayekaa naye: nataka kuwa dalali wa bima, na kazi hiyo nataka niifanye huko nyumbani Wete.

Sasa nimepumua. Shikamoo, Mama. Kifua kimepoa? Na goti la Baba? Mimi ni mzima, nala vizuri, na joto la Kurasini nimeshalizoea.

Najua Baba anasema madalali hula huku na huku. Kazi ya Ami si hiyo. Mwenye lori huja, Ami akamtafutia kampuni ya bima itakayomlipa kweli, na lori likipinduka ni Ami anayemhangaikia. Mie huwaeleza madereva masharti. Mwanzo walinicheka. Mzee mmoja wa Mbeya aliniambia, "We Mpemba, unanisomea bima au dua? Sikusikii!" Siku hizi hataki kuhudumiwa na mwingine. Akifika tu, "Niitieni yule wa dua."

Ami alipotaka kuniandikisha masomo ya bima, nilitoa visingizio mpaka akanuna. Niliogopa, Mama. Televisheni ya huko ukiivusha kuja huku inalipiwa ushuru, nikadhani na leseni ni vivyo hivyo: ukiikata Bara, ni ya Bara. Nikaona nikishaipata ndiyo nimefungwa huku maisha.

Wiki iliyopita alikuja ofisa wa mamlaka ya bima kukagua leseni ya Ami, hapahapa nyumbani penye ofisi yake. Niliwapelekea chai, kisha nikabaki nimesimama na sinia tupu.

"Una nini leo?" Ami akauliza.

Nikasema, "Leseni ya bima ya hapa, Pemba inafaa?"

Ofisa akacheka, lakini si kwa ubaya. "Binti, hiyo ni moja, Bara na Visiwani. Haipiti forodha. Ila leseni ya biashara utaikata hukohuko utakakofungua mlango."

"Kwani Pemba kuna nini?" Ami akaniangalia.

"Nauliza tu, Ami."

Nikarudi jikoni nikacheka peke yangu, mke wa Ami akadhani nimemmwagia mgeni chai. Jioni ileile nikamwambia Ami aniandikishe.

Safari ni ndefu: nisome, nifaulu, kisha nikae chini ya Ami nijifunze. Lakini moyo umetulia, alhamdulillahi.

Nisalimie Bibi, mwambie bado naufunga kichwani ule ukaya alionipa. Msalimie na Kaka Hamadi, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliyekuwa akinisihi nipaze sauti.

La mwisho. Kile chumba chetu cha mbele kinachotazama barabara, Kaka alinipigia akasema Baba anataka kumpangisha fundi cherehani. Mzuie, Mama. Mwambie unaweka karafuu, mwambie lolote. Ila sababu yenyewe usimwambie, wala yeye wala mtu mwingine, mpaka nije na leseni yangu mkononi.

Mwanao,
Time