Adelard Amemeza Ndizi

Adelard amemeza ndizi, dada! Ndizi na nyama, bila kushushia na maji. Sasa ndiyo nakupa shikamoo. Hamjambo huko Muleba? Sie hapa Chanika wazima, na kuku wangu wanataga mpaka majirani wananuna.

Kumbe haukuwa uchawi wala maringo. Daktari kasema mlango wa chini wa umio, chakula kinapoingilia tumboni, ulikaza ukagoma kufunguka. Wamepitisha kamera mdomoni, wakaukata msuli humo humo ndani. Tumboni hana hata mshono! Nesi akaniambia, “Mama, umezaa simba.” Nikamjibu, “Nimezaa watano, huyo ndiye mpole.”

Dada, alikonda. Kila mara alitoboa mkanda tundu jipya, nami nikijifanya sioni.

Ile siku tuliyompeleka kujitambulisha ukweni Mabibo, chakula kilimrudi mbele ya wazee. Baba yake Blessing, mchumba wa Adelard, akasema, “Anayetema chakula chetu hatumwozeshi.”

Juzi mzee huyo kaja kumpa pole, akamkuta na sahani. Alisimama mlangoni akimtazama mpaka akamaliza. Kisha akasema, “Mama Adelard, mke wangu atapika tena.”

Kwa hiyo panda basi mapema, uje na shemeji na watoto wote. Safari hii baba mkwe mwenyewe ndiye atakayempakulia. Ni Jumamosi, tarehe kumi na nne.

Mdogo wako akupendaye,
Demetria